Kaburi la Caecilia Metella na Malalo Yetu

I. Sababu ya kuandika

Katika kurasa kama hizi, ndugu wasomaji, tumezoea kuhukumu vitabu. Tunauliza: mwandishi amesema nini, amelisema vema ao vibaya, na msomaji atapata faida gani? Leo tunataka kuhukumu jengo, tena jengo la wafu. Jengo nalo lina mwenye kulilipa, lina fundi aliyelitunga, lina neno linalotaka kusema kwa wanaopita. Na kaburi linahitaji hukumu kuliko majengo mengine, sababu yule aliyelala ndani hawezi tena kulisahihisha.

Hapa Kasungami, pembeni ya mji wa Lubumbashi, swali la makaburi linaingia katika kila nyumba. Familia ikiisha kuzika, siku si nyingi inaulizwa: Mtajenga lini? Na hapo maoni yanagawanyika. Wengine, na kati yao wamo wasemineri wetu, wanasema kwamba sima na karo ni kiburi kilichotoka Ulaya. Wazee wetu walizikwa katika udongo bila kitu, basi turudi kwao. Wengine wanajibu kwamba asiyemjengea baba yake kaburi hakumpenda. Hata Warumi, walimu wa sheria na wa ujenzi, walijenga makaburi makubwa, na Ekleziya ilizaliwa kati yao. Hawa wanawaita wazee wa Afrika kuwa mashahidi, na wale wanawaita Warumi. Vema, tuwaite mashahidi wenyewe, tuwasikilize.

II. Jengo lenyewe

Mgeni anayetoka Roma kwa mlango wa San Sebastiano anakanyaga njia iliyoanzishwa na Appius Claudius mwaka 312 mbele ya Kristu. Ndiyo Via Appia. Sheria ya kale ya Warumi, ile ya Mbao Kumi na Mbili, ilikataza kuzika maiti ao kuichoma ndani ya mji. Kwa hiyo wafu walitolewa nje ya milango, na wenye mali wakatafuta kiwanja kandokando ya njia, pale ambapo kila msafiri angewaona. Hapo tayari nia inaonekana: kaburi la Mrumi tajiri lilitaka watazamaji.

Tunapita kanisa dogo la Quo Vadis, kisha makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Kalisti na ya Mtakatifu Sebastiani, kisha mabomoko ya kiwanja cha mashindano cha Maxentius. Njia inapanda kidogo, na pale juu linasimama kaburi la Caecilia Metella, lililojengwa katika miaka 30 ya mwisho mbele ya kuzaliwa kwa Kristu. Aliyechagua mahali alijua kazi yake. Mwamba wa pale ni moto wa volkano ulioshuka zamani sana kutoka milima ya Albano, ukapoa na kuwa jiwe. Wenzetu wa Goma wanalijua vema jiwe la namna hiyo. Basi jengo limepata msingi mgumu, tena linaonekana toka mbali.

Fundi alitumia maumbo mawili tu: chini mraba, juu mviringo. Mraba ulijengwa kwa beto ya Warumi, ndiyo mawe madogo yaliyochanganywa na chokaa na mchanga wa volkano. Juu yake unasimama mviringo wenye upana wa karibu metre 29 na urefu wa karibu metre 11, uliovikwa mawe makubwa ya travertino, yaliyochongwa vizuri na kubanana. Karibu na ukingo wa juu unazunguka mkanda mmoja wa marmaru, wenye mashada ya maua na matunda na vichwa vya ng'ombe, alama za sadaka za kipagani. Kwa sababu ya vichwa vile watu wa Roma waliita mahali pale Capo di Bove, maana yake Kichwa cha Ng'ombe. Ndani kuna chumba kirefu cha mviringo kinachopunguka kwa kupanda, na kileleni kuna tundu linaloingiza mwanga. Leo chumba ni kitupu.

Kwa ufundi tunalisifu jengo hili bila woga. Kwanza, vipimo vyake vinatulia: jicho linafahamu jengo lote kwa mara moja, wala halichoki. Pili, mapambo ni machache, tena yamewekwa mahali pamoja, na ukuta uliobaki umeachwa kimya. Sisi tunapenda kupamba kila upande, rangi hapa, nguzo pale, hata jina la marehemu linatafutwa kama sindano katika majani. Tatu, fundi alianza na kiini. Karne kwa karne watu walivua mawe ya mraba wa chini na kuyapeleka katika majengo mengine. Leo pale chini tunaona beto tupu, lakini beto ile inachukua bado mzigo wote wa juu, nyuma ya miaka elfu mbili. Masoni anayebandika karo nzuri juu ya matofari mabovu, mvua mbili zikija karo zinaanguka, angepata faida kubwa kutazama ukuta ule.

III. Neno la jengo

Sasa tusikilize linasema nini. Upande wa njia kuna kibao cha marmaru, na maneno yake ni machache sana: kaburi ni la Caecilia Metella, binti wa Quintus Creticus, wa Crassus. Basi. Baba yake ni yule Quintus Caecilius Metellus aliyekuwa konsuli mwaka 69 mbele ya Kristu, akapewa jina Creticus sababu alishinda kisiwa cha Kreta. Crassus ni jina la mume, wa ukoo wa yule Crassus aliyesifiwa kwa utajiri wake, aliyeuawa katika vita na Waparti mwaka 53. Na juu ya maandiko wamechonga silaha zilizotekwa vitani.

Silaha, kwa kaburi la mwanamke! Hapa ndipo tunapolihukumu jengo. Mama huyu alizaa watoto? Alikufa na miaka mingapi? Alicheka namna gani, alihurumia nani, nani alimlilia? Mawe yote yale hayana nafasi ya kusema hata neno moja juu yake. Baba amesemwa, mume amesemwa, vita imesemwa. Marehemu amekuwa msumari wa kutundikia picha za wengine. Waliojenga walitaka wapita njia wajue kwamba koo mbili kubwa zimeungana, na kifo cha Caecilia kiliwapa nafasi ya kulitangaza jambo hilo.

Na tazama mwisho wake. Mwaka 1303 familia ya Caetani, jamaa za Papa Bonifasi VIII, walilifanya kaburi kuwa mnara wa ngome yao. Waliongeza juu ukuta wenye meno, nao unaonekana mpaka leo. Wengi wanalia wakisema kaburi lilinajisiwa. Sisi tunashangaa kidogo tu. Kaburi lililojengwa kwa kuonyesha nguvu, wenye nguvu waliokuja nyuma walilitambua mara moja, wakaingia kama kwao.

IV. Chini ya njia ileile

Turudi nyuma kidogo kwa njia ileile, tushuke kwa Mtakatifu Kalisti. Kwanza tuondoe wazo moja ambalo wakatekista wengi wanalifundisha bado: kwamba Wakristu wa kwanza walikaa katika mashimo haya kwa kujificha na adui. Sivyo. Serkali ya Roma ilijua mahali pale. Yalikuwa makaburi, na watu walishuka kwa kuzika, kwa kuomba na kwa kukumbuka wafu wao. Mwanzoni mwa karne ya 3 Papa Zefirini alimpa shemasi Kalisti kazi ya kutunza makaburi hayo. Hippolytus, adui yake, anasimulia kwamba Kalisti alikuwa mtumwa zamani. Mtu huyo alifanywa Papa karibu mwaka 217.

Ujenzi wa chini ni kinyume cha ujenzi wa juu. Pale hakuna jengo la kutazamwa na wapita njia. Wachimbaji, walioitwa fossores, walikata njia nyembamba katika jiwe laini la tufo, na katika kuta mbili za kila njia wakachimba nafasi za kulaza maiti, moja juu ya nyingine, kama vitanda vya bweni la semineri. Nafasi ilifungwa kwa kibao cha marmaru ao kwa karo za udongo wa kuchoma, zikashikwa kwa chokaa. Ndiyo, ndugu: karo! Maskini wa Roma alifungwa kwa karo. Juu yake waliandika jina, pengine siku ya kulazwa, pengine walichora njiwa, samaki ao nanga.

Mwaka 1854 mtaalamu Giovanni Battista de Rossi alivumbua pale chumba cha Mapapa wa karne ya 3. Fabiani, aliyekufa shahidi mwaka 250, alipata kibao chenye jina lake na kazi yake ya uaskofu, kwa herufi za Kigriki. Tundu la ukutani, jina, kazi. Mrithi wa Petro alilala kati ya Wakristu wake.

Lakini mhukumu asifunge jicho moja. Hata chini kule hawakulala wote sawa. Wenye mali walikuwa na vyumba vyao vyenye picha. Katika karne ya 4 watu walinunua kwa wachimbaji nafasi karibu na mashahidi, kama vile ukaribu wa mifupa ungeweza kulipiwa. Papa Damasi, aliyetawala toka 366 mpaka 384, aliandika katika chumba kile cha Mapapa kwamba alitamani kuzikwa pamoja nao, lakini aliogopa kusumbua majivu ya watakatifu. Damasi alikuwa na cheo cha kuweza kujichukulia nafasi, na hakuichukua. Kwa hiyo tusiseme kwamba wapagani walikuwa na kiburi na Wakristu hawakuwa nacho. Tuseme kwamba Wakristu walikuwa na neno lililowahukumu wao wenyewe.

Neno lile ni jina lenyewe la mahali. Wagriki Wakristu waliliita koimeterion, maana yake mahali pa kulala, na kutoka hapo Walatini wakapata coemeterium. Na sisi wa Katanga tunasema namna gani? Tunasema malalo. Hakuna haja ya kutafuta mbali maneno ya kuhubiri juu ya ufufuko: mama anayesema anakwenda ku malalo amekwisha kuungama, pengine bila kufahamu, kwamba aliyelala ataamshwa.

V. Mama wa Afrika

Karibu na Roma tunamkuta mwanamke mwingine, naye ni wa Afrika. Monika, mama wa Agustino, alikuwa amejitengenezea kaburi kwao Tagaste, kando ya mume wake, na jambo hilo lilikuwa na thamani kubwa machoni pake. Lakini mwaka 387 alishikwa na ugonjwa Ostia, bandari ya Roma, mbele ya kupanda chombo cha kurudi kwao. Wana wake wakahuzunika kwamba atazikwa ugenini. Agustino anasimulia katika kitabu cha tisa cha Maungamo namna mama yake alivyowajibu: mwili wauzike popote, wasijisumbue kwa ajili yake, aliomba kitu kimoja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa.

Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba Ostia, karibu na kanisa la Sant'Aurea, walitoa kipande cha marmaru chenye maandiko ya sifa za Monika. Basi yeye ambaye hakudai jiwe alipewa jiwe, na jiwe lile linamsema yeye. Waliolipa kaburi la Caecilia walitumia mali nyingi wakamnyamazisha. Tofauti hiyo haitoki kwa vipimo vya jengo.

Baadaye, karibu mwaka 421, Agustino alimwandikia Paulino wa Nola kitabu kidogo juu ya kutunza wafu. Anafundisha kwamba fahari ya maziko inawafariji wazima kuliko kusaidia wafu; kinachosaidia wafu ni sala, sadaka ya altare na sadaka kwa maskini. Lakini hasemi mwili utupwe. Kumzika mwenzetu kwa heshima ni tendo la upendo, maana mwili ule ulikuwa chombo cha Roho Mtakatifu. Msemineri anayetaka kuhubiri juu ya makaburi asianze mbele ya kukisoma kitabu hicho.

VI. Wazee wa Sanga

Sasa tumwite shahidi wa pili. Je, ni kweli kwamba wazee wetu walizikwa bila kitu? Katika Katanga hii, kandokando ya ziwa Kisale, kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale, na mwaka 1974 Pierre de Maret akaendelea. Walifungua makaburi zaidi ya 100, na mengi ni ya miaka iliyo karibu na 1000 ya Kristu.

Juu ya ardhi hakuna jengo lililobaki. Lakini chini, utajiri! Vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, vingi vikiwa vimetengenezwa kwa kaburi tu. Shoka za heshima. Mapambo ya shaba shingoni, mikononi na miguuni. Shaba ile haikupatikana kando ya ziwa. Ilitoka kusini, katika migodi ya inchi hii yetu, ikasafiri mbali. Na katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, vikifuata umri wa mtoto. Fikirini: mfinyanzi alikaa, akapima kwa macho urefu wa mtoto aliyekufa, akamfinyangia chungu chake. Upole huo haumo katika kaburi la Caecilia.

Katika makaburi yaliyofuata, toka karibu karne ya 14, tunakuta misalaba midogo ya shaba iliyokuwa fedha ya biashara. Hapa tunawaonya wahubiri. Tumesikia ikisemwa kwamba misalaba ile ni unabii wa Msalaba wa Kristu. Hapana. Ni vipande vya shaba vya kununua na kuuza, na umbo lake ni la kalibu ya mfua shaba. Wazee hawahitaji tuwabatize kwa nguvu baada ya kufa. Wanahitaji tuwasome vema.

Basi wale wanaosema wazee walizikwa bila kitu wamekosa. Wazee walitoa vingi. Lakini tofauti na Warumi ni hii: mali ya Sanga iliingia shimoni pamoja na marehemu, ikafunikwa, wala mpita njia hakuiona. Ilikuwa ya marehemu mwenyewe. Mali ya Caecilia ilibaki nje, machoni pa watu, na ilikuwa ya wazima.

VII. Hukumu yetu kwa Kasungami

Kwa hiyo hatuwezi kukubali wala maoni ya wa kwanza wala ya wa pili. Sima haina kosa. Karo hazina kosa. Udongo mtupu nao hauna utakatifu wake wenyewe. Mbele ya kila kaburi tuulize maswali matatu.

La kwanza: linamsema nani? Kama jina la mtoto anayekaa Ulaya, aliyetuma fedha, ni kubwa kuliko jina la mama aliyezikwa, tumerudi Via Appia.

La pili: limelipwa na nani, na kwa njaa ya nani? Sisi sote tunazijua familia ambamo kiwanja kiliuzwa kwa kujenga kaburi, kiisha mjane na watoto wakatafuta nyumba ya kupanga. Upande wa baba ulidai, upande wa mama ulidai, na mashemeji walioleta masoni hawakuleta unga. Tunasema wazi: kaburi lililojengwa kwa ada ya shule ya yatima halimheshimu baba yao. Padri ao mkatekista anayelisifu siku ya kulibariki, naye ana sehemu katika kosa hilo.

La tatu: litadumu kwa kazi gani? Na hapa tunawajibu wenzetu wanaodharau kila jengo. Mji unapanuka mbio kuelekea kwetu. Penye pori jana, leo panapimwa viwanja. Kaburi lisilo na alama, nani atalitetea siku ile tingatinga litakapofika? Maskini asiye na jina juu yake ndiye anayesukumwa wa kwanza, akiwa amekufa kama vile alipokuwa mzima. Kwa hiyo alama ngumu, yenye jina linalosomeka, si kiburi. Ni haki ya Mkristu, kama vile maskini wa Kalisti alivyopata karo zake na jina lake.

Jambo gani lifanyike? Tunapendekeza tatu. Kila jumuiya itengeneze kalibu moja ya mbao na kumimina humo misalaba ya beto ya namna moja, jina na miaka viandikwe mbele ya beto kukauka. Tajiri na maskini wapate uleule. Gharama yake mikono michache inaweza kuibeba. Kisha, Kitabu cha Sheria za Ekleziya cha mwaka 1983, kanuni 1182, kinaagiza kila maziko yaandikwe katika kitabu cha wafu. Basi vitabu hivyo viandikwe kweli, na mahali pa kaburi patajwe, maana katika parokia nyingi kitabu cha ubatizo kimejaa na cha wafu ni cheupe. Mwishoni, kanuni 1181 inakataza upendeleo wa watu katika maziko na kutaka maskini wasinyimwe maziko yanayowapasa. Ndugu mapadri, tusome kanuni hiyo mbele ya kukubali Misa ndefu kwa mmoja na dakika kumi kwa mwingine.

Bwana wetu mwenyewe alilazwa katika kaburi la kuazimwa, kaburi la Yosefu wa Arimatea, lililochongwa vizuri katika mwamba. Hakulikataa kwa sababu lilikuwa zuri. Alikaa humo mpaka siku ya tatu, akatoka.